Bawabu Asiyekubali Kuondoka

Bila shaka, msomaji, umepata kuketi mbele ya kompyuta ya shule ukaiona ikifanya jambo la kukasirisha. Umeagizwa uiondoe programu ya zamani ya kukinga virusi, ambayo leseni yake imekwisha, ili mpya iwekwe mahali pake. Unabonyeza mahali pa kuiondoa. Ule mstari wa kijani unakwenda mpaka nusu ya safari, unasimama, kisha kisanduku kinatokea kikisema kwamba kazi haikuweza kukamilika. Unajaribu kuiweka ile mpya juu yake. Nayo inakataa, ikidai kwamba imemkuta mwenzake ndani. Unaamua kuifuta kwa mkono folda ya ile ya zamani. Kompyuta inakujibu kwamba huna ruhusa, ingawa umeingia kwa jina la msimamizi na hapana mwenye cheo kikubwa kuliko hicho. Mwishowe unabaki na mashine isiyo na kinga ya zamani wala mpya, na mwalimu wa kipindi kinachofuata yuko mlangoni.

Watu wengi hulichukua jambo hili kuwa ni ubovu wa mashine tu, au ujanja wa wauzaji wasiotaka kumpoteza mnunuzi. Sikatai kwamba ujanja huo upo. Walakini yako maelezo mengine yenye nguvu zaidi, nayo hayamo katika kijitabu cha maagizo. Yamo katika historia. Karibu kila kizuizi unachokutana nacho unapotaka kuiondoa programu ya namna hii kiliwekwa hapo kwa sababu palikuwa na kirusi kilichopata kupita mahali hapo. Ukizijua njia zile ambazo adui alipita, utajua pia kwa nini wewe mwenyewe huruhusiwi kupita leo, na wapi pa kugonga hodi ili ufunguliwe.

Turudi nyuma basi hadi mwaka 1971. Wakati huo hapakuwa na intaneti hii tuijuayo, ila palikuwa na mtandao mdogo ulioitwa ARPANET, ulioziunganisha kompyuta za vyuo vikuu na maabara chache za Marekani. Bob Thomas, mfanyakazi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, aliandika programu aliyoiita Creeper. Programu hiyo iliweza kuhama yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kila ilipofika iliandika maneno ya kuwachokoza watu kwamba waikamate kama wanaweza. Haikuharibu kitu. Ray Tomlinson, yule yule aliyetuma barua pepe ya kwanza katika mtandao huo, akaandika nyingine iitwayo Reaper, ambayo kazi yake ilikuwa kuifuata Creeper popote ilipo na kuifuta. Waona kwamba mwindwa na mwindaji walizaliwa katika nyumba moja. Tena waona kwamba mwindaji alikuwa na tabia ile ile ya mwindwa, kwani naye aliingia katika mashine za watu bila kualikwa. Jambo hilo la pili liweke moyoni, maana litatufaa mbele.

Miaka 10 na zaidi ilipita kabla ya habari hii kutoka katika maabara na kuingia majumbani. Mwaka 1982 kijana wa rika lako, Rich Skrenta wa Pennsylvania, mwenye umri wa miaka 15, aliwafanyia rafiki zake mzaha: aliandika Elk Cloner, programu iliyojinakili katika disketi za kompyuta aina ya Apple II na kuonyesha shairi fupi kila mara ya 50 disketi hiyo ilipotumiwa. Mwaka 1983 mwanafunzi Fred Cohen, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alifanya majaribio ya programu zinazojipachika ndani ya programu nyingine. Na mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza jina la kirusi. Cohen hakuishia hapo. Alithibitisha kwa hoja za hesabu kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayovitambua virusi vyote bila kukosea kamwe. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Bawabu wa kompyuta hawezi kuwajua wezi wote kwa sura. Hivyo hawezi kutazama mara moja, akaridhika, akaenda kulala. Hana budi kukaa macho muda wote na kuvichungua vitendo vya kila aingiaye na atokaye.

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, yaani Basit na Amjad Farooq Alvi, walitoa kirusi kiitwacho Brain. Walieleza baadaye kwamba walitaka kuwabana watu walioinakili bila idhini programu yao ya mambo ya tiba. Nao hawakujificha hata kidogo, maana waliandika ndani ya kirusi hicho majina yao, anwani yao na nambari zao za simu. Wenye kirusi hawakujificha, lakini kirusi chenyewe kilijua kujificha. Brain kilikaa katika sehemu ya kwanza kabisa ya disketi, ile isomwayo kompyuta inapowashwa. Na mtu alipotaka kuichungua sehemu hiyo, kirusi kilimzuia njiani na kumwonyesha nakala safi ya mambo yalivyokuwa kabla hakijaingia. Kwa maneno mengine, ukiiuliza kompyuta iliyokwisha kutekwa kama imetekwa, itakujibu kwamba haijatekwa. Waandishi wa programu za kinga walijifunza hapo somo wasilolisahau: anayetangulia kuingia ndiye mwenye nyumba. Tangu hapo walishindana kuamka mapema kuliko adui kila kompyuta inapowashwa, hata kufikia Windows 8 ya mwaka 2012, ambayo iliiwekea kinga nafasi maalumu ya kuanza mbele ya programu karibu zote. Kwa sababu hiyo, hata ukiiwahi kompyuta yako asubuhi ili ufute faili zake, utamkuta bawabu amekwisha kushika zamu.

Biashara ya kinga ilianza hasa mwaka 1987. Katika mwaka huo John McAfee alifungua kampuni yake huko California. Kampuni ya G Data ya Ujerumani ikatoa programu yake kwa kompyuta za Atari ST. Na katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia vijana wawili, Peter Paško na Miroslav Trnka, wakaandika NOD baada ya kukikuta kirusi kiitwacho Vienna. Jina la NOD ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya hospitali ukingoni mwa diski, kwa kuiga mchezo wa televisheni uliopendwa nchini mwao. Napenda jina hilo, kwani linaeleza vizuri hali ya zama zile. Kinga ilikuwa kama hospitali: mgonjwa alipelekwa, akatibiwa, akarudi nyumbani. Uliitia disketi, ukaiendesha programu, ikapekua, ikamaliza, ikatoka. Kuiondoa hakukuwa na shida yoyote. Ulifuta faili, basi. Mwanafunzi wa mwaka 1987 angelicheka kusikia kwamba kizazi chake kijacho kitakesha kikibembeleza programu itoke.

Kilichobadili mambo ni kule kukaa macho nilikotaja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 programu za kinga zilikuwa zimeanza kubaki katika kumbukumbu ya kompyuta baada ya kuanzishwa, zikitazama kila faili inayofunguliwa. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa MS-DOS 6, na ndani yake mlikuwa na bawabu wa namna hiyo aitwaye VSAFE, aliyeandikwa na kampuni ya Central Point Software. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu fundo la habari yetu lipo hapa. VSAFE aliwekewa mlango wa kutokea kwa adabu. Kama mwenye kompyuta alitaka kumpumzisha, palikuwa na wito mfupi ambao programu yoyote ingeweza kuutamka, na bawabu akiusikia alijiondoa katika kumbukumbu bila kuuliza ni nani aliyeutamka. Ilikuwa ni heshima kwa mwenye mali. Lakini haukupita muda mrefu, waandishi wa virusi wakaujua wito huo. Wakawafunza virusi vyao wautamke kwanza, kabla ya kutenda jambo lingine lolote. Bawabu akaaga, akaenda zake, na mwizi akaingia mchana kweupe.

Fikiria sasa kama wewe ndiwe mwandishi wa programu ya kinga. Utafanyaje? Ukiuacha mlango wazi, kirusi kitaupita. Ukiufunga, mwenye nyumba atashindwa kuupita. Kompyuta haina macho ya kumtambua bwana wake. Yote yanayofika kwake ni maagizo, na agizo litokalo kwenye kidole chako linafanana sana na agizo litokalo kwenye kirusi kilichoazima jina lako. Waandishi hao walichagua kuufunga mlango, na kila mwaka wakaongeza komeo. Sidhani kwamba wangechagua vinginevyo. Ingawa naona kwamba walipaswa kutueleza waziwazi zaidi walichokuwa wakikifanya.

Makomeo hayo ni mengi. Nitataja yale utakayokutana nayo. La kwanza ni kwamba bawabu alihamia katika kiini cha mfumo. Windows ina eneo la ndani kabisa ambako programu za kawaida haziruhusiwi kuingia, na vijiprogramu viingiavyo humo huitwa draiva. Draiva ya kinga husimama kati ya programu zako na diski, kama karani anayesoma kila barua kabla haijafika kwa mwenyewe. Na nyingine husimama hivyo hivyo kati ya kompyuta na mtandao. Majina ya draiva hizo huandikwa katika rejista, lile daftari kubwa la Windows. Mtu asiyejua akiifuta draiva na kuliacha jina lake katika daftari, Windows itaendelea kuipitisha barua kwa karani asiyekuwapo. Ndiyo sababu ya ajabu ile ya kompyuta inayopoteza intaneti siku ile ile kinga inapoondolewa vibaya: waya ni mzima, mtandao ni mzima, ila kiti cha karani ni kitupu.

Kutokana na hayo utaelewa pia kwa nini mabawabu wawili hawakai pamoja. Kila mmoja anataka kuisoma barua kwanza. Wa kwanza akifungua faili ili aichungue, wa pili humwona mwenzake akifungua faili, naye huifungua amchungue. Na hapo huenda kompyuta ikasimama isijue la kufanya. Zamani mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi, kwa maana programu moja ilikuwa na orodha ya alama za virusi katika kumbukumbu, na nyingine ikiiona orodha hiyo ilipiga yowe kwamba mashine imejaa maradhi. Kwa sababu hiyo programu mpya ya kinga hupekua kwanza kama mna mwenzake, na ikikuta hata mabaki yake hukataa kuingia. Si kiburi, bali ni tahadhari.

Komeo la pili liliwekwa baada ya miaka ya vita vya wazi. Mnamo Novemba 2008 kilizuka kirusi kiitwacho Conficker, kilichoingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Hiki hakikungoja kupambana na bawabu. Kilizuia bawabu asiitwe. Kilizima huduma ya masasisho ya Windows, kisha kikaifunga njia ya kwenda kwenye tovuti za makampuni ya kinga, huku tovuti nyingine zote zikifunguka kama kawaida. Wataalamu walitoa kipimo chepesi cha kupendeza: ukurasa mmoja wenye picha zilizoletwa kutoka tovuti mbalimbali. Kama uliziona picha zote, ulikuwa salama. Kama picha za makampuni ya kinga hazikuonekana na nyingine zilionekana, ulikuwa umeambukizwa. Kipimo hicho hakijapoteza maana yake. Ukishindwa kuweka kinga, na ukaona kwamba kurasa za wauza kinga tu ndizo zisizofunguka, usihangaike na programu hiyo kwanza. Iko sababu ya kushuku kwamba nyumbani mna mgeni. Pakua unachotaka kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama.

Katika miaka hiyo hiyo walizagaa matapeli waliouza kinga za uongo. Kisanduku kilitokea kikikutisha kwamba kompyuta yako ina virusi kadha wa kadha, na ukilipa utaponywa; na programu hiyo yenyewe ndiyo iliyokuwa ugonjwa, tena haikuondoka kwa urahisi. Mwaka 2008 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwashtaki watu wa kundi moja la namna hiyo, ikisema kwamba waliwalaghai watumiaji zaidi ya milioni 1. Taabu kwetu ni kwamba kwa macho tu mtu hakuweza kutofautisha bawabu wa kweli asiyetaka kutoka na tapeli asiyetaka kutoka. Hapo ndipo tabia ya Reaper na Creeper iliporudi, baada ya miaka zaidi ya 35.

Microsoft nayo iliona kwamba kiini chake kimejaa wageni, wa heri na wa shari, wote wakichimba sakafu. Kuanzia mwaka 2005, katika Windows za biti 64, iliweka kizuizi cha kuwazuia wote wasikichokonoe kiini hicho. Mwaka 2006, Windows Vista ilipokaribia kutoka, makampuni ya Symantec na McAfee yalilalamika vikali kwamba bawabu hawezi kufanya kazi akiwa amefungwa mikono. McAfee ilifikia kulipia ukurasa mzima katika gazeti la Financial Times kueleza malalamiko yake. Hatimaye yalipatikana mapatano: wapewe njia rasmi za kufanyia kazi. Mwaka 2013, katika Windows 8.1, njia mojawapo ilikuwa hii, kwamba huduma ya kinga iliyosajiliwa rasmi haiwezi kusimamishwa hata na msimamizi wa kompyuta. Sasa umekijua chanzo cha jibu lile la kwamba huna ruhusa. Halikuwa kosa la mashine. Ulikuwa uamuzi wa makusudi, kwa kuwa virusi vingi hufanya kazi kwa jina la msimamizi. John McAfee mwenyewe, aliyekuwa ameiacha kampuni yake tangu mwaka 1994, alitoa mwaka huo huo wa 2013 filamu fupi ya kuidhihaki programu yenye jina lake na ugumu wa kuiondoa. Filamu hiyo si ya kuonyeshwa darasani.

Yamkini utaniuliza kama uwezo huo wote uliokabidhiwa bawabu haujapata kuleta hasara. Umeleta. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma sasisho lenye kosa, ambalo liliitambua faili iitwayo svchost.exe kuwa ni kirusi, kumbe ni faili halali ambayo Windows XP haiwezi kuishi bila hiyo. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha, zikapoteza mtandao. Na zikiwa hazina mtandao, hazikuweza kupelekewa sahihisho. Tarehe 19 Julai 2024 jambo la jinsi hiyo lilitokea tena kwa ukubwa wa kutisha. Sasisho la kampuni ya CrowdStrike liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft lilikuwa limekwisha kuziangusha kompyuta milioni 8.5, ndege zikabaki chini, na hospitali zikaahirisha kazi. Dawa yake ilikuwa ndogo ajabu: kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo Windows huanza na vitu vichache tu vya lazima, kisha kufuta faili moja. Ila ilibidi mtu aende kwa miguu yake mbele ya mashine nyingi, moja baada ya moja. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza mpango wa kuyawezesha makampuni ya kinga kufanya kazi nje ya kiini. Baada ya miaka mingi bawabu anaanza kuhamishiwa kibandani, karibu na lango.

Sasa nikusimulie lililonipata mimi, maana hapo ndipo nilipoyapata mengi ya haya, na si katika chuo cha ualimu.

Katika shule moja niliyofundisha palikuwa na kompyuta ya chumba cha walimu, yenye Windows 7, ambayo ndani yake ziliwekwa alama za mitihani za shule nzima. Kinga yake ilikuwa imekwisha muda. Wiki ya mwisho ya muhula flashi ya mwalimu mmoja ilileta kirusi kile kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake, na kwa ghafula folda za alama zikaonekana kama zimetoweka. Mwenzangu, kwa nia njema, alijaribu kuiweka kinga mpya, ikakataa. Akaifuta kwa mkono folda ya kinga ya zamani, nusu ikafutika na nusu ikagoma. Nilipoitwa, mashine haikuwa na mlinzi wala mtandao, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama saa.

Saa ndiyo iliyonisaidia. Niliitupia jicho ile ya kompyuta, pembeni mwa kioo, nikaona imeandika Januari 2010. Ile betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta, inayoitunza saa umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Programu za leo hubeba hati za kuthibitisha zilikotoka, na kila hati ina tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mbele ya kompyuta inayodhani kwamba ni mwaka 2010, hati iliyotolewa miaka mingi baadaye ni kama cheti cha mtoto ambaye hajazaliwa, kisakinishi kikakataliwa. Nilirekebisha tarehe kwanza.

Jambo la pili nililofanya lilikuwa kuianzisha kompyuta upya. Usilidharau. Faili ambayo inatumika haiwezi kufutwa, hivyo Windows huandika pembeni kwamba itaifuta kompyuta itakapoanza tena, na mpaka hapo visakinishi vingi hukataa kuendelea. Tena ujue kwamba tangu Windows 8 kuzima na kuanzisha upya si kitu kimoja: kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi kiini chao kikiwa hai ili ziwake haraka, na kazi zilizoahirishwa hazifanywi. Chagua kuanzisha upya, si kuzima.

Kwa vile sehemu ya kinga ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa, njia yake ya kawaida ya kujiondoa ilikuwa imevunjika. Haikukumbuka tena ilichokiweka wapi. Laiti tungalianza na njia hiyo, tukazima kwanza ulinzi wake wa nafsi katika mipangilio yake na kuingiza neno lake la siri, huenda ingalitoka kwa amani. Lakini makampuni mengi ya kinga yameandika kifaa maalumu cha kung'olea mabaki ya programu zao: Norton, McAfee, Kaspersky, Avast na ESET wote wamepata kuwa nacho. Nilikipakua cha kampuni iliyohusika katika tovuti yake yenyewe, kwa kompyuta nyingine, kwani tovuti za wageni wanaojidai kutoa vifaa hivyo ni mitego. Nikaiwasha ile mashine katika hali salama, ambamo draiva za bawabu hazikuamka, nikakiendesha. Kilimaliza kazi kwa dakika chache. Mtandao ukarudi, kwa kuwa majina ya draiva zilizokufa yalifutwa katika daftari.

Lilibaki jambo moja ambalo huwapita wengi. Windows huweka orodha ya kinga iliyosajiliwa, na katika Windows 8 na zilizofuata, ikiona humo jina la kinga nyingine, kinga yake yenyewe hukaa kando. Mabaki yakiacha jina hilo, nyumba huwa haina mlinzi na daftari linasema yupo. Nikatazama, sikukuta jina. Nikaiweka kinga mpya, ikakubali, ikakipata kirusi cha flashi na kukifuta. Folda za alama hazikuwa zimepotea; zilikuwa zimefichwa tu, na amri moja ikazirudisha zote.

Nasema zote, lakini haikuwa zote. Faili ya alama za kidato cha nne, ambayo mwalimu mmoja aliitengeneza kwa ustadi na kuitia maagizo ya kujijumlisha yenyewe, haikuonekana. Kinga ya zamani ilikuwa imeishuku miezi mingi nyuma, ikaitia karantini, yaani ikaifungia katika ghala lake na kuikoroga isisomeke na mtu mwingine. Na tangu wakati huo mwalimu huyo alikuwa akitumia nakala iliyobaki katika flashi yake, ambayo nayo sasa ilikuwa imeharibika. Kifaa cha kung'olea, kilipomwondoa bawabu, kilimwondoa pamoja na ghala lake. Sikuwa nimelifungua kulitazama kabla ya kuanza. Kwa hiyo jioni ile, baada ya wanafunzi kwenda kula, walimu wanne tulikaa na madaftari ya karatasi, mmoja akisoma majina kwa sauti na mwingine akiandika, tukaziingiza upya alama za watoto wa mikondo 3, somo baada ya somo, mpaka saa sita ya usiku.